Mama Sanad na kompyuta ya kumi na mbili

Saa tatu na robo asubuhi, Irbid, Jordan. Nuhad Azzam amepiga magoti mbele ya kompyuta, anabofya picha ya ruta, kifaa cha kuunganisha mitandao, kwa mara ya tano. Dirisha jeusi la kuandikia amri halifunguki. Windows inajibu tu kwamba haijui programu ya kufungulia kiungo kilichomo kwenye picha hiyo.

"Wiki iliyopita ilikuwa inafungua!" anafoka. "Nani kaigusa?"

Saa nne kamili watu kumi na wawili wanaanza mtihani wa mitandao katika maabara hii, ambako ruta zote ni za kuigiza ndani ya programu. Bila dirisha lile hakuna wa kuandika chochote. Na safari hii Nuhad, fundi wa maabara kwa miaka tisa, ni mmoja wa watahiniwa. Analipwa dinari 290 kwa mwezi; cheti ndicho kitakachomtoa kwenye kuvuta nyaya na kumfanya mhandisi. Ameshauahirisha mtihani mara mbili.

Anachungulia folda ya mtumiaji, anashika kichwa. Jana Windows mpya ilipouliza jina, kila mtahiniwa aliandika lake la heshima kwa Kiarabu, Baba au Mama fulani; Nuhad mwenyewe ni Mama Sanad. Programu ya dirisha imewekwa ndani ya folda yenye jina hilo, na kiungo kikiitafuta kinakuta alama za kuuliza badala ya herufi.

"Baba Laith ni nani?"

"Mimi," anasema Mutasim, kijana aliyetoka mji wa Ajloun.

"Huyo Laith yuko wapi?"

"Bado sijaoa, Mama Sanad."

"Mke huna, mtoto huna, na kompyuta umeniharibia!"

Chumba kizima kinacheka. Nuhad tayari anahamishia programu kwenye folda yenye jina la herufi za Kilatini, kisha anaingia kwenye orodha ya ndani ya Windows na kukielekeza kiungo upya. Kila kompyuta inakula dakika nne. Msimamizi wa mtihani amesimama mlangoni. Akishaufunga, ni marufuku kugusa mipangilio.

Saa nne kasoro dakika nne zimebaki kompyuta mbili: yake na ya Mutasim.

"Tengeneza yako kwanza, Mama Sanad. Wallahi."

"Jumapili si una usaili wa kazi? Kaa chini, usinicheleweshee."

Dirisha jeusi linafunguka mbele ya Mutasim. Mlango unafungwa; Nuhad, ambaye kompyuta yake haikutengenezwa, yuko nje.

Kwenye korido hatulii, anakwenda na kurudi. "Imeniuma, sitajidanganya," anajisemea. "Maswali ya mle ndani nayajua yote." Mtihani ujao ni Machi, na ameshajiandikisha kwa simu akiwa bado anatembea.

Mkurugenzi wa kituo anapita, anasikia habari ya Machi, anamwuliza siku hiyo ya mtihani nani atakaa maabara.

"Tafuteni fundi," anamjibu bila kusimama. "Mimi nitakuwa kwenye mtihani."