Kifungo cha Zimwi

Wifi yangu analipwa kupanga mali za mazimwi. Sitanii. Kuna mchezo wa mtandaoni, watu wazima na akili zao wanazurura porini kwenye kioo cha simu wakiua mazimwi, na zimwi likifa linadondosha vitu. Wifi ndiye anayeamua kila kitu kiingie kundi gani: cha kuvaa, cha kutengenezea, cha kazi maalumu, ama takataka. Mimi ni fundi cherehani. Nikishona nguo inavaliwa. Nimemcheka miaka nenda miaka rudi, naye hujibu, "Wifi, wewe nawe una mdomo," basi yanaisha.

Kaka yangu, yaani mumewe, alifanya kazi ofisi moja naye, na sote watatu tuliishi nyumba moja. Yeye alikuwa akiyabuni mazimwi yenyewe. Mojawapo alilipatia sauti yake mwenyewe. Alijirekodi ndani ya kabati letu la nguo, kajifunika makoti ili kelele za barabarani zisiingie, mimi na wifi tuko nje tumeziba midomo kwa kicheko. Zimwi hilo likiuawa husema, "Usifunge, narudi sasa hivi." Maana mazimwi ya mchezoni hayafi yakaisha, ukigeuka tu, hilo limesharudi. Na maneno yalikuwa yake ya kila asubuhi: akifika getini anakumbuka alichosahau, anatupigia kelele tusitie komeo.

Asubuhi aliyoanguka barabarani aliyasema vilevile. Hatukufunga. Hakurudi.

Tulimzika, na komeo lile hatukuligusa tena. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Tulilala mlango umerudishwa tu, wanawake wawili, kana kwamba wezi wamekwisha duniani. Wifi akitoka kazini anaingia mchezoni, analitafuta lile zimwi, analiua, anasikiliza, anafuta machozi, anangoja lirudi. Nilimkemea. Nilimwambia huko ni kujitonesha kidonda. Halafu akienda dukani, naichukua simu yake na mimi naua.

Siku moja alirudi uso umemshuka. Meneja alikuwa ameamua kwamba mchezo umekuwa mzito, unajaza simu za watu, hivyo kila zimwi linalodondosha takataka tupu litafutwa, lenyewe na sauti yake. Zimwi la kaka lilidondosha meno mabovu, manyoya, na kifungo cha koti. Vyote vilikuwa takataka, na wifi mwenyewe ndiye aliyevipanga huko, tena kwa haki.

"Basi vihamishe," nikasema.

"Nivipeleke wapi, wifi? Kitu hakihami kundi bila kuwa na kazi. Meneja ataniuliza kinamsaidia nini mchezaji."

Hapo nikapandwa na hasira. "Nani kawaambia kifungo ni takataka? Mimi nakula kwa vifungo. Tengenezeni koti, koti la maana, lisilopenywa na mkuki, likose kifungo kimoja tu. Na hicho kimoja awe nacho kaka."

Wifi alinitazama. "Kundi la kutengenezea," akasema taratibu.

Meneja alikubali, tena akamsifu. Akataka kifungo kiwe adimu, ili wachezaji wakihangaikie. Siku hiyo tulikumbatiana jikoni tukalia, nikamwambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kifo kimetula, lakini sauti kimetuachia.

Kumbe jambo moja hatukulifikiria. Kila mchezaji alilitaka lile koti, na kitu kikiwa adimu, zimwi moja utaliua weee mpaka ukipate. Wakaanza kumuua kaka yangu tangu asubuhi. Kwenye foleni ya benki, "Usifunge, narudi sasa hivi." Dukani kwangu nampima mteja kiuno, mkononi mwake kaka yangu anakata roho. Kinyozi tuliyepakana naye ukuta nyumbani ndiye aliyezidi. Akikosa wateja anaua mfululizo, na simu yake haijui kunong'ona.

Wifi akaanza kushindwa kula. Jumapili moja mchana kinyozi hakuwa na kichwa cha kunyoa, na sisi tulikuwa mezani. Wifi akaweka kijiko chini.

"Tulidhani tumemshonea kifungo," akasema. "Kumbe tumempa kifungo cha maisha. Kesho nakirudisha takataka, wifi. Nitajua la kumwambia meneja. Lifutwe, apumzike."

Alisema kweli. Akainuka akaenda mlangoni, akalishika komeo. Lilikuwa limeingia kutu. Alilisukuma kwa mikono miwili mpaka likakubali kufunga. Kisha akarudi akaketi.

Ukutani kwa kinyozi zimwi likauawa tena. "Usifunge, narudi sasa hivi."

Wifi hakuinua macho kwenye sahani. Aliyeinuka ni mimi, mimi mwenye mdomo, nikaenda nikalifungua komeo.