Mwalimu Aliyefumba Macho

Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la jioni pale Ipagala husikiliza akiwa amefumba macho. Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga, na vidole vyake vyeupe kwa chaki huunga sentensi hewani: mtu ambaye, nyumba ambayo. Ukikosea, hugonga meza kwa pete yake. Shamila analijua hilo, na leo ameapa kwamba akichekwa tena, harudi. Zamu yake ilipofika akasimama, akaanza kumwelezea kwa Kiingereza marehemu mama yake, ambaye aliuza zabibu, ambaye alicheka na kila mteja. Kisha ulimi ukateleza, akamtaja kwa “he”, kama mwanamume.

“Kumbe mama yako ana ndevu!” Silvano akatania kutoka dawati la nyuma, darasa likaangua kicheko. Shamila akashika mkoba wake. Pete haikugonga. Mwalimu alikuwa bado amefumba macho, uso ameuinua kama anayenusa mvua ya mbali.

“Endelea, mwanangu,” alisema taratibu. “Zabibu zake zilikuwa nyekundu au nyeupe?”

“Nyekundu, mwalimu,” Shamila akajibu, kisha akarudia kwa Kiingereza, akaendelea na kuendelea, mpaka giza likaingia darasani na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.