Mwenye Hoja Aivunje Kwanza

Leticia akitabasamu sana mimi naogopa. Ni msichana wa Masasi, amepanga chumba Buguruni, anasoma falsafa na ndugu zake mpaka leo wanamuuliza hiyo falsafa inatibu nini. Kila Jumamosi anakuja Kariakoo kwenye klabu yetu ya falsafa ya chuo. Tunakutana stoo ya juu ya duka la vitambaa la Mzee Vasant, baba wa mwenyekiti wetu, Dipti. Tunakaa juu ya marobota na kubishana mpaka koo zinakauka.

Mwaka jana klabu ilikuwa inachagua mtu mmoja wa kutuwakilisha kwenye mdahalo wa vyuo Kampala. Leticia akamweleza mwenzetu Beno hoja yake kwenye mgahawa hapo chini, amsaidie kuinyoosha. Siku ya siku Beno akapangiwa kuzungumza wa kwanza, akaimwaga yote kama yake! Akapigiwa makofi, akaenda Kampala, akarudi na mapicha. Nani angemwamini Leticia? Mimi nililia kwa hasira. Yeye hakulia, na hapo ndipo nilipojua Beno kaisha.

Mwezi uliofuata Leticia akapendekeza kanuni mpya: anayeleta hoja aivunje mwenyewe kwanza, ndipo wengine waipinge. Tukapiga kura. Beno, hana hata haya, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mwaka huu nafasi ya Kampala ikarudi. Mada: je, mtu ana wajibu wa kusamehe? Leticia akamwita Beno mgahawani tena, akamwagizia chai na chapati, akamweleza hoja yake. Nikamvuta pembeni.

"We Leti, umerogwa?"

"Tulia, Anifa," akasema, akatabasamu.

Jumamosi Beno akaomba yeye ndiye aanze. Loo! Mtu hata hachoki!

"Msamaha ni zawadi," akasema, kifua mbele, "na zawadi hailazimishwi. Kwa hiyo hakuna mwenye wajibu wa kusamehe."

Makofi.

"Safi," akasema Dipti. "Sasa ivunje."

Beno akakohoa. Akadai hoja yake haina kasoro. Dipti akamwambia kila hoja ina kasoro na aliyeitunga anaijua. Jasho likaanza kumtoka. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikashindwa kukaa.

Leticia akasimama. "Mgonjwa akiniomba maji nami nina ndoo imejaa, maji ni yangu, nikimpa ni zawadi. Lakini nikimnyima nimekosa. Kumbe zipo zawadi zenye wajibu. Hoja imevunjika." Akamgeukia Beno. "Hicho kipande sikukwambia."

Stoo nzima ikamtazama Beno, na ya mwaka jana nayo watu wakaielewa hapo hapo. Nafasi ya Kampala akapewa Leticia.

Tulipokuwa tunatoka, Beno akamkimbilia kwenye ngazi. "Leti, si umesema mwenyewe habari ya maji? Nisamehe basi."

"Kanuni ni ile ile. Nipe kwanza sababu za kutokusamehe."

Akazitoa, sauti inamkatika: nilikuibia, nikasafiri kwa akili yako, nikawa nakuangalia usoni mwaka mzima, halafu nikarudia. Leticia akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Umenishawishi," akasema, akaendelea kushuka.