Gauni Jeusi la Melini

"Mama yake atavaa rangi gani?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amekaa kwenye mkeka sebuleni kwetu Ihumwa, Dodoma, miwani imemshuka puani, simu yangu mkononi. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nina shahada ya sosholojia na maoni kuhusu kila kitu, lakini hilo sikulijua, na sikuona kwa nini mtu alihitaji kulijua.

Aliyeulizwa habari zake alikuwa mama mkwe wa kaka yangu. Kaka ni muuguzi katika nchi ya baridi. Alioa hukohuko, kwenye ofisi ya serikali, mashahidi wawili, sisi tukatumiwa picha. Mama aliiangalia picha, akasema alhamdulillahi, kisha akanirudishia simu. Hakuna mshenga aliyetumwa wala posa iliyopokelewa. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukaa chumba kimoja na mtu wa kwao. Kwa mama, mwanawe alikuwa ameoa nusu.

Ndipo wakwe hao walipoamua kusherehekea miaka mingi ya ndoa yao kwa kusafiri na meli ya starehe siku kumi, wakasema mama wa mkwe wao naye aje. Kaka akashughulikia viza na tiketi. Akatutumia maelekezo ya meli, nami nikamsomea mama kwa Kiswahili: chakula saa ngapi, viatu gani vya sitahani, huko juu ya meli, na jioni mbili ambazo wageni wote huvaa mavazi rasmi ukumbini.

Baba alishafariki, kwa hiyo mama alikuwa anakwenda peke yake kuwa upande wa mume. Hivyo ndivyo alivyoielewa safari. Bahari alikuwa ameiona mara moja tu, Dar es Salaam, alipompeleka baba hospitali, na hakuwa na hamu nayo. Alikuwa anakwenda kuonana na wakwe, na jioni hizo mbili ndizo zilizokuwa utambulisho alionyimwa.

Hapo ndipo swali la rangi lilipotoka. Mama yangu ni Mrangi wa kijiji cha Busi, lakini pale Ihumwa, kwa Wagogo na Warangi na wageni wa kila mkoa, yeye ndiye mwenye sare. Harusi yoyote ya mtaa wetu, vitenge vilipitia sebuleni kwetu. Yeye ndiye aliyekwenda mjini kuchagua, akakata, akagawa, upande wa bibi harusi hivi, upande wa bwana harusi vile, na akina mama wawili, wazazi wa maharusi, waliulizana kwanza kabla hata kadi hazijachapwa. Mama mmoja akitokea ukumbini na rangi yake bila kumwuliza mwenzake, watu walijua kuna ugomvi. Kwa hiyo aliposikia mavazi rasmi, hakufikiria urefu wa gauni. Alifikiria kuulizana.

Nilimwambia huko hakuna sare. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema kila mtu anavaa anachotaka.

"Anachotaka, halafu wanaandika kwenye karatasi kwamba ni rasmi?" akasema. "Mwulize kaka yako. Mkwe mwenzangu asije akanikuta nimevaa kama mtu aliyepita njia."

Mimi na sare tulikuwa na historia. Nilikuwa nimeandika insha nzima chuoni kwamba sare ni uzio, kwamba kitenge cha harusi kinatuonyesha nani yumo na nani hakuweza kununua. Kwenye harusi ya binamu yangu nilikataa kuivaa, nikaenda na gauni langu la jinzi, nikakaa meza ya nyuma na wapiga picha. Mama hakunisema. Kitenge changu alikikunja akakiweka sandukuni, na kilikuwa bado humo.

Hata hivyo nilimwandikia kaka. Niliandika swali lote, rangi ya gauni la mkwe kwa jioni ya kwanza na ya pili, nikalisoma, nikamwona mke wake akilisoma begani kwake, nikawaona wote mezani wakilicheka kwa lugha yao. Nilifuta. Niliandika tena kwa utani, nikafuta na huo. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa juu ya mama, wakati yeye ameketi hatua mbili kutoka kwangu akichambua mchele.

Badala ya kuuliza, nilitafiti. Ndivyo nilivyojiambia. Niliingia mtandaoni nikatafuta picha za watu kwenye jioni za namna hiyo, nikapitia nyingi mno. Wanaume wamefunga tai za kipepeo. Wanawake wamevaa magauni marefu, na mengi, mengi kuliko rangi nyingine yoyote, yalikuwa meusi. Nikaona hilo ni jibu zuri kuliko la kaka, ambaye hajui hata rangi ya mapazia yake.

"Amejibu," nikamwambia mama. "Nyeusi."

"Jioni zote mbili?"

"Zote mbili."

Akaacha mchele. Aliniangalia kwa muda, nikadhani amenishtukia. Kumbe alikuwa anaiaga zambarau. Alikuwa na kitenge cha zambarau chenye maua madogo ya dhahabu, alichokuwa amekitunza tangu kaka alipopata kazi, kwa siku ambayo hakuitaja. "Haya," akasema. "Mwenye shughuli ndiye anayechagua."

Fundi wetu ni mama wa Kigogo anayeshonea kwaya ya kanisa lao, nyumba ya tatu kutoka kwetu, cherehani iko barazani na upepo wa Dodoma unamletea vumbi kwenye kila kitambaa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba akiwa na pini mdomoni. Mama akafungua mfuko. Fundi akakishika kile kitambaa cheusi kwa vidole viwili.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ndiyo sare ya melini."

"Nimeshona sare miaka yote hii, bibi harusi wangu, sijaona watu wakila sherehe na nyeusi." Alipenda kumwita mama bibi harusi, kwa sababu hakuna harusi iliyompita. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe msomi. Umeuliza, au umesoma?"

Nikasema nimeuliza. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na nilishangaa ilivyokuwa rahisi.

Akapima. Mikono mirefu, shingo iliyofunga, mtandio wa kitambaa kilekile. Mama alisimama wima kama anapimwa na daktari. Tulipolifuata gauni siku tatu baadaye, alilivaa nyuma ya pazia akatoka. Lilimkaa vizuri. Lakini mama yangu, mwenye nyumba iliyojaa vitenge, alionekana amezimwa. Fundi naye alihuzunika, nadhani, maana aliokota kipande cha satini nyeupe, akakizungusha shingoni, kingine kwenye ncha za mikono.

"Angalau isifanane na msiba," akasema.

Mama akajiangalia kwenye kioo, akauliza kama inafaa. Wote wawili wakanigeukia. Nikasema inafaa sana, nimeona hata kwenye picha.

Nilikuwa na siku tisa za kusema ukweli kabla hajaondoka. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua, na kila asubuhi kulikuwa na kitu: mama anawaonyesha majirani gauni, mama anafanya mazoezi ya kutembea na viatu vya kisigino uani, kuku wakimpisha. Siku ya nane nilianza. Nikamwambia labda abebe na kile cha zambarau, huwezi kujua. Akasema hapana, hataki kuwa mtu wa kubebabeba, ataonekana hana uhakika. Nikalikunja lile jeusi kwa karatasi laini, nikalilaza juu kabisa ya sanduku, nikafunga zipu.

Alipiga simu siku ya tano ya safari, asubuhi. Nilikuwa uani naanika nguo. Sauti yake ilikuwa inakatika, inarudi. Alianza na habari za chakula, kwamba kuna mikate ya aina nyingi na hakuna hata mmoja wenye chumvi, na kwamba bahari haina kitu cha kuangalia, ni kama mbuga ya kwetu wakati wa kiangazi, isipokuwa inatikisika. Kisha akasema jana ilikuwa jioni ya kwanza.

"Mkwe alivaa nini?" nikauliza.

"Njano."

Nilikuwa nimeshika shuka lililolowa. Nikabaki nalo.

Akanisimulia kwa utani, kama anavyosimulia vituko vya harusini. Kwamba aliingia ukumbini nyuma ya kaka, akasimama karibu na mlango akimsubiri mkwe amalize kusalimiana na watu. Kwamba kulikuwa na akina dada warefu wanaohudumu, weusi kama yeye baadhi yao, wamevaa magauni meusi ya mikono mirefu yenye ukosi mweupe na ncha nyeupe za mikono. Akasema fundi wetu angefurahi, mshono ni uleule. Na kwamba bwana mmoja mzee, mtu mstaarabu tu, alipita akampa glasi tupu.

"Ukafanyaje?"

"Nikaishika. Ningeitupa wapi?" Alicheka. "Akaja na mwingine. Nikashika mbili."

Sikucheka. Nilimwuliza kaka alikuwa wapi. Akasema alikuwa anaongea na watu, nisimlaumu mtu, kwani bwana yule alijuaje. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama kweli kaka alisema nyeusi, au labda alikosea tarehe. Nilifungua mdomo. Simu ikakatika. Nikampigia, haikupatikana. Nikapiga tena na tena mpaka jua likakausha nguo zote, na kila nilipopiga nilikuwa na maneno tayari, na kila iliposhindikana nilipumua.

Kulikuwa na kitu gani ningeweza kufanya kutoka Ihumwa? Zambarau ilikuwa sandukuni kwetu. Meli ilikuwa sijui wapi. Nilijua jioni ya pili ingekuwa baada ya siku tatu, nikazihesabu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani alioufanya mwingine.

Jioni ya pili mama hakwenda. Alimwambia kaka kwamba bahari imempa kizunguzungu, akabaki chumbani na chai na biskuti. Kaka alinieleza hivyo kwa ujumbe, akaongeza kwamba mama si mtu wa meli. Nikamjibu pole. Ningeweza kumwandikia yote siku ile. Nilituma neno pole na alama ya moyo.

Mama aliporudi alikuwa na zawadi kwa kila mtu na picha chache, na kwa yeyote aliyeuliza wakwe wakoje alijibu kwamba ni watu wazuri. Nilimsikia akilirudia jibu hilo barazani kwa fundi, barabarani, msikitini. Ni watu wazuri. Hakuongeza kitu, wakati mtu huyu huweza kueleza harusi moja kwa wiki nzima. Nilimwelewa. Alikwenda kutambulishwa, akashika glasi, akarudi. Gauni akawa analivaa msibani. Fundi alibandua satini nyeupe, na hapo likawa kama lilivyotakiwa.

Mimi nilimwambia ukweli mwezi mmoja baadaye, tukiwa tunamenya karanga. Nilisema sikumwuliza kaka, nilitunga. Hakuinua kichwa.

"Nilijua pale kwa fundi," akasema. "Kaka yako hajawahi kunijibu kitu siku hiyohiyo."

Nikamwuliza kwa nini basi alilivaa. Akasema alidhani mimi nimesoma, huenda najua zaidi ya kuuliza. Akaendelea kumenya.

Miaka miwili ilipita kabla kaka hajaja nyumbani na mke wake. Wifi yangu alikuwa amejifunza Kiswahili cha kutosha, polepole, akichagua kila neno kama anachagua mchele. Mchana mmoja mama alikuwa amekwenda kugawa sare mtaa wa pili, nikamwonyesha wifi sanduku la vitenge. Aliona lile jeusi limekunjwa chini, akaliinua, akalitambua. Akaketi nalo mapajani.

Akaniuliza kama mama alipona kile kizunguzungu. Nikasema ndiyo. Akasema mama yake alisikitika sana, maana jioni ya kwanza yeye ndiye aliyekwenda kuzitoa zile glasi mkononi mwa mama yangu, na usiku ule hakulala vizuri. Hakujua aseme nini, na kwa lugha gani. Kwa hiyo jioni ya pili alikuja chumbani kwa binti yake akaomba gauni. Wifi alikuwa nalo moja tu linalofaa, na lilikuwa dogo kwa mama yake. Zipu ya mgongoni ilikataa kupanda, ikabidi afungwe kwa pini nne na kufunikwa na shali. Alikaa nalo mezani jioni nzima, karibu na kiti kitupu.

Lilikuwa jeusi.