Chipukizi Alilolikwanyua Mama

Hadi leo nikisikia mfuko wa nailoni ukichanwa vipande vyembamba, huacha ninachofanya nikasikiliza. Ndivyo mama alivyochana kipupwe kile, nyuma ya nyumba yetu karibu na Kaengesa, akibebesha miche ya parachichi.

Mparachichi wenyewe aliupanda kaka yangu Deo. Yeye alikuwa ameshuka bandarini Kasanga kutafuta kazi ya kupakia mizigo, akapanda boti ya kwenda Kongo, na tangu hapo simu yake ikawa haipatikani. Mti nao ukaanza kuoza mizizi. Kabla haujafa, mama akakata vikonyo, vile vijitawi vyenye macho, akavipachika kwenye miche michanga aliyoiotesha kwa mbegu za kienyeji, akafunga kwa nailoni ile. Huko ndiko kubebesha.

"Hii ni mizizi ya kuazima," aliniambia. "Ikimkubali mgeni, mti wa Deo utaishi."

Mimi niliyasikia hayo kivyangu: mti ukifa, na Deo kafa. Kila asubuhi, kabla ya uji, nilikwenda kuichungulia miche, upepo ukinichoma masikio. Msinicheke: niliiamkia "shikamoo", nikidhani adabu ingesaidia. Haikusaidia. Vikonyo viligeuka vyeusi kimoja baada ya kingine, kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka.

Asubuhi moja nikaona jani.

"Mama, umeshika! Umeshika!"

Kuku wakatawanyika. Mama akaja mbio, kanga ikimdondoka, akapiga magoti, akatazama. Kisha akalikwanyua.

"Limetoka chini ya kidonda, pale nilipopachika," alisema. "Ni la shina, mwanangu, si la Deo. Tukiliacha litanyonya nguvu yote."

Nililia mpaka kwikwi, nikamwona ana roho ya jiwe. Wiki hiyohiyo jirani akaja na habari kwamba Deo ameonekana gatini Kasanga. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akauliza tu, "Nani amemwona, kwa macho yake?" Kumbe kila mmoja alisikia kwa mwingine. Akarudi kuchambua maharage.

Baadaye mche mmoja ulishika kweli; jani likachomoza juu ya kidonda, dogo, rangi ya shaba. Na Deo alirudi mvua zilipoanza, amekonda, hana hata begi. Mama akamwambia, "Ingia ule," akaenda jikoni, na huko tukamsikia akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Nimekuja kumwelewa nikiwa na watoto wangu. Nilidhani mama hakuwa na matumaini. Kumbe aliyokuwa nayo yalikuwa kidogo mno, akaogopa kuyamaliza kwa uvumi.