Bunduki ya mzee imeshika kutu kabatini kwangu, na Dodoma hii hii kavu

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Muda mrefu nimekuwa nasoma tu visa vya wenzangu humu. Leo nina changu, na nitakiandika kama kilivyotokea. Atakayetaka kunicheka anicheke, nyumbani wameshanimaliza.

Mzee wangu yuko kijijini, upande wa Mpwapwa. Alikuwa na shotgun ya zamani ya mitutu miwili, aliyolindia mtama wake dhidi ya nguruwe pori tangu sijazaliwa. Presha ya macho ilipomfunga macho kabisa, tukafuata taratibu zote, umiliki ukahamia kwangu, nikaileta kwangu Ipagala, hapa Dodoma mjini.

(Wa kuuliza leseni: ipo.)

Siku ananikabidhi alisema neno moja tu: "Usiiache ikaoza."

Amani yangu ikaishia hapo.

Mzee wangu si mtu wa maneno. Tangu nasoma sekondari hajawahi kuniuliza nimekula nini wala nalala wapi. Ila baada ya kunipa ile bunduki akaanza kupiga kila Jumapili akitoka kanisani, kwa simu ya mdogo wangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Bunduki haijambo?"

"Haijambo."

Anakata. Wazee wengine wakiitikia marahaba wanaongeza hujambo. Wangu anakwenda moja kwa moja kwenye bunduki.

Sasa mimi sipendi kumdanganya. Kwa hiyo kabla hajapiga nafungua kabati la chuma, naitoa kwenye mfuko wake wa ngozi, nahakikisha haina risasi, naigeuza, naipapasa, narudisha. Halafu katikati ya wiki, niko kwenye kikao ofisini Mtumba, moyo unaniambia kutu imeanza. Nikifika nyumbani sijavua hata viatu, kabatini!

Mke wangu akawa ananiuliza, "Mke mwenzangu kaamkaje leo?"

Msimu wa mvua ukapita salama, au ndivyo nilivyodhani. Mzee akasema anakuja mjini kliniki ya macho, atafikia kwangu. Nikaitoa bunduki, nikaisogeza dirishani niione vizuri.



Juu ya mitutu kulikuwa na madoa manne ya rangi ya udongo, yamejipanga. Nikalaumu mvua. Nikalaumu ukuta wa bafu ulio nyuma ya kabati. Nikaishika vizuri nitazame, na vidole vyangu vinne vikakaa juu ya yale madoa manne, kila kimoja mahali pake.

Ni jasho langu. Jasho lina chumvi, na mimi nilikuwa naipapasa kila mara, siifuti, naifungia kwenye ngozi inayotunza unyevu.

Kwa kihoro nikachukua stilwaya ya jikoni nikasugua. Ile rangi nyeusi ya zamani ikaanza kutoka. Nikaacha.

Mzee alifika, hata chai hakumaliza.

"Ilete."

Nikamwekea mapajani. Vidole vyake vikaanza kwenye kitako, vikapanda polepole, vikafika pale, vikasimama. Vikarudi nyuma, vikaja tena.

"Hapa pana nini?"

"Kutu, baba. Ni mikono yangu. Ukiniuliza kama haijambo, lazima niitazame kwanza. Siwezi kukujibu kwa kubahatisha."

Mke wangu akajifanya anakusanya vikombe.

"Kila nilipopiga?"

"Kila ulipopiga. Na siku nyingine."

Akashusha pumzi. "Basi tumeiharibu wawili."

Nilichojifunza ni hiki. Kutu nyepesi itoe kwa mafuta ya bunduki na kitambaa laini, bila haraka. Stilwaya ni ya masufuria. Ukishagusa chuma kwa mkono, futa, kisha paka mafuta utando mwembamba. Mafuta ya alizeti hapana, hata kama umekamua mwenyewe, yanaganda yanakuwa kama gundi. Mfuko wa ngozi ni wa safarini, sio wa kuhifadhia. Kabati liondoe kwenye ukuta wa bafu, tupia ndani vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na risasi zikae kwingine chini ya kufuli. Baada ya hapo iache. Kuikagua mara moja moja kunatosha, uhakika wa kila mara ndio uliniponza.

Wenye uzoefu, vile vishimo vidogo vilivyobaki pale kutu ilipotoka niviache au nimpelekee fundi mwenye kibali? Mwageni maoni, hata ya kejeli nitasoma.

Nisisahau. Jumapili iliyofuata mzee, amesharudi kijijini, alipiga kama kawaida.

"Marahaba. Bunduki haijambo?"

"Sijui, baba. Sijaifungua."

Nikasubiri akate. Hakukata. Nilikuwa nasikia kuku wa nyumbani kule.

"Na wewe," akasema, "hujambo?"

Wakuu, nilikaa chini kwanza, ndipo nikajibu.