Macho ya Jirani wa Muhuru

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikialikwa chakula huchungulia jikoni kwanza, na daktari akiniambia majibu ya damu ni mazuri, namwomba niyasome mwenyewe. Sikuzaliwa hivi. Nimelelewa hivi na nyanya yangu, dani kwa Kijaluo chetu, kijijini kwetu karibu na Kosele, wakati mama alipokuwa Muhuru Bay akianika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani.

Ugonjwa wangu ulianzia vidoleni. Asubuhi vilikataa kukunjika, magoti yalivimba, nikawa nashuka kitandani kwa kujiburuta. Adhuhuri viungo vililegea, na jioni ungenikuta nakimbizana na wenzangu. Sasa fikiria wewe ndiwe nyanya, una mjukuu anayeumwa wakati wa kuteka maji na kupona wakati wa kucheza. Alinishuku, na mwalimu wangu pia akanishuku. Asubuhi moja mwalimu aliniamuru nikunje ngumi mbele ya darasa. Nikashindwa, darasa likacheka. Nililia kwa hasira zaidi kuliko maumivu.

Baadaye nyanya aliacha kunishuku mimi, akatafuta mwingine. Kila shule zilipofungwa nilienda kwa mama Muhuru, nikashinda ufukweni nikigeuza omena juu ya nyavu na kufukuza ndege. Na kila niliporudi Kosele nilikuwa hoi: homa, vidonda mdomoni, nywele zikitoka na kitana, na upele uliotanda shavu hadi shavu ukipita juu ya pua. Nyanya akajumlisha mwenyewe. Kosele mtoto anapata nafuu, Muhuru anaharibika, basi Muhuru kuna mtu.

Mtu huyo hakuwa mbali. Mlango uliofuata ule wa mama alipanga mjane asiye na mtoto, aliyetoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania. Yeye ndiye aliyenipikia mchana mama akiwa kazini. Alinipakulia wali na samaki, kisha akaketi mbele yangu kunitazama. "Kula, mwanangu, umekonda," alikuwa akisema. Kwetu kuna watu wanaosemwa kuwa na sihoho, jicho ambalo likikutazama ukila, chakula hukwama tumboni na kukuozesha. Nyanya aliponiuliza ni nani hunitazama nikila, nilimjibu kweli tupu.

Alinipeleka kwa mwanamke mmoja anayetoa sihoho. Mganga huyo alinichanja tumboni kwa wembe, akanyonya kupitia kitambaa, akatema kipande cha kiazi kitamu.

"Dani, Muhuru sikukula kiazi," nikamwambia nyanya.

"Nyamaza. Wewe ni daktari?"

Nilijua kabisa kiazi kile kilitoka shavuni mwa mganga. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikimwogopa jirani yetu. Ndivyo nilivyokuwa: uongo niliuona, na woga wake nikaubeba vilevile.

Likizo iliyofuata nyanya alinisindikiza Muhuru mwenyewe. Mchana, wanawake wa omena walikuwa wamepumzika uani na watoto wao, na jirani alikuwa amenikabidhi sahani. Nyanya aliichukua mikononi mwangu, akaiweka chini miguuni pa yule mwanamke. Alisema kwa Kiswahili, maana jirani hakujua Kijaluo.

"Macho yako inaharibu watoto ya watu. Huyu ni mtoto yangu. Usimuangalie akikula tena."

"Mama, mimi nimempa chakula tu."

"Ndio hiyo."

Mama yangu alikuwa amesimama palepale. Wanawake wengine wakaanza kuwaita watoto wao, mmoja mmoja, waje karibu nao.

Mwaka uleule uso na miguu ilivimba, mkojo ukawa na povu, nikalazwa hospitali Homa Bay. Daktari wa watoto aliyeitwa kuniona aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: mchana mtoto hushinda wapi, kivulini au juani? Baada ya vipimo akatueleza kwamba nina magonjwa mawili yaliyoingiliana, lupus na baridi yabisi ya watoto. Kinga ya mwili wangu inaupiga vita mwili wenyewe, hadi figo, na jua huchochea vita hiyo. Kuanika omena kutwa nzima, akasema, ndiko kulikokuwa kukiniangusha.

"Na jirani?" nyanya akauliza.

"Jirani gani?" akasema daktari.

Kuanzia hapo nyanya alilishuku jua. Alinivisha mikono mirefu, akanifukuza juani kama kuku aliyeingia kwenye mahindi. Dawa ziliponinenepesha mashavu na watu kijijini wakasema nimepona, sasa niziache, aliwashuku na wao. Nikimeza vidonge alinifumbua mdomo akachungulia chini ya ulimi. "Wewe ni mjanja," alikuwa akisema. Naamini figo zangu zinafanya kazi leo kwa sababu ya ushuku wake, na ninampenda kwa hilo. Lakini hakurudi Muhuru kusema alichoambiwa na daktari. Mama naye hakutamka lolote, na baadaye akahama.

Siku hizi nasoma chuo Rongo. Mwaka jana, siku ya mawingu, nilishuka Muhuru peke yangu. Jirani bado anaishi katika chumba kilekile, amezeeka, na alinitambua kabla sijajieleza.

"Anti, nina njaa," nikamwambia.

Akapika wali na samaki. Mimi wa kuchungulia jikoni, siku hiyo sikuchungulia. Akaniwekea sahani juu ya kigoda, kisha akageuza kiti chake na kuketi akitazama ukuta.

"Anti, ilikuwa jua. Daktari alisema ni jua."

"Nimesikia, mwanangu. Kula."

Hakugeuka. Nilikula nikiutazama mgongo wake mpaka chakula kikaisha.